Breki ya Mkono wa Kulia

Tangu mtamba mmoja wa kijiji cha Sop Sop akurupuke na kamba ikiwa imemzunguka Amoit mkononi, vidole vitatu vya mwisho vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Kidole gumba na cha shahada tu ndivyo vilivyobaki na nguvu. Miezi minne ilikuwa imepita na hakuna aliyejua ila mumewe. Kazi ya kuwachoma ng'ombe sindano aliihamishia mkono wa kushoto, na ule wa kulia akauficha ndani ya glavu. Kikundi cha wafugaji wa Molo, wilayani Tororo, kilimwajiri kwa sababu alijua kutibu mifugo na alijua kuendesha pikipiki. Akishindwa moja kati ya hayo, Emojong, aliyesomea kazi ile ile, alikuwa anangoja nafasi hiyo hiyo.

Ndiyo maana asubuhi ile, mbele ya duka la pikipiki mjini Busia, alisimama akiwa tayari amevaa glavu. Pikipiki ya kikundi ilikuwa imekufa kabisa, na yeye na mwenyekiti, Mzee Owori, walikuwa wametumwa kuchagua mpya. Zilibaki mbili, rangi moja, injini moja. Tofauti ilikuwa kwenye gurudumu la mbele, ambalo breki yake hubanwa kwa mkono wa kulia. Ya kwanza ilikuwa na breki ya dramu, inayovutwa kwa waya na kubana ndani kwa ndani. Ya pili ilikuwa na diski, sahani ya chuma iliyokaa wazi pembeni, ikibanwa kwa nguvu ya oili.

"Mzee, tuchukue ya diski," Amoit alisema. "Inashika upesi."

Owori aliinama akaichungulia ile sahani kama anayekagua sikio la ng'ombe lenye kupe.

"Hapana, daktari. Hii oili ikivuja kule kwetu, nani anatengeneza? Dramu hata fundi wa Molo anafungua na spana moja. Na tope haiingii."

"Na mto ukifurika? Dramu ikiingia maji haishiki."

"Maji inakauka. Panda hii tujaribu. Mimi nakaa nyuma."

Egesa, mwenye duka, alikwisha kuchomeka ufunguo. Hapo ndipo Amoit angesema. Neno lilimfika mdomoni, akamwaza Emojong akiwa amelivaa koti lake yeye la kazi, akalimeza. Akapanda.

Nyuma ya soko barabara inateremka kidogo hadi pale malori yanapopanga foleni ya forodha. Alikwenda polepole, akitegemea breki ya mguu, na kwa dakika mbili aliamini mambo yatapita salama.

"Kaza mwendo kidogo," Owori alimwambia sikioni. "Tuone nguvu yake."

Akakaza. Na hapo, katikati ya malori mawili, ikachomoza baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mlemavu, imesheheni katoni za sabuni hadi kichwani. Amoit alikibana kishikio cha breki ya mbele. Kidole kimoja kilivuta. Vitatu vilisimama kama vijiti. Waya haukusogea. Akaikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, tairi la nyuma likafunga, pikipiki ikaserereka upande, kokoto zikaruka, Owori akamkumbatia kiunoni akiita jina la Bikira Maria. Walisimama kiganja kimoja tu kutoka kwenye katoni.

"Mama wee, breki huna?" yule mwenye baiskeli alifoka.

Owori alirudi dukani kwa miguu, akitangulia mbele.

"Egesa! Unatuuzia jeneza! Ile breki imekufa!"

Egesa alibadilika rangi. Akamwita Odoi, fundi mwenye mvi aliyeziunganisha pikipiki zote pale. Odoi aliapa kuwa aliufunga waya mwenyewe na kuujaribu mara tatu.

"Watu wangekufa!" Egesa alimkatiza. "Kusanya vyombo vyako, mzee. Leo leo."

Odoi alipiga magoti akaanza kutia spana zake kwenye mfuko wa gunia, moja moja.

Amoit alikuwa amesimama kando, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Mzee Owori sasa angechukua ya diski bila ubishi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Spana ya nne ilipoingia kwenye gunia, aliivua glavu.

"Breki ni nzima," alisema. "Mkono wangu ndio mbovu."

Akaunyoosha mbele yao, akajaribu kukunja ngumi. Vidole vitatu vilikataa. Owori alivishika vidole vile, akajaribu kuvikunja mwenyewe.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Na ukanipakia." Sauti yake ilikuwa chini, na hilo lilimuumiza Amoit kuliko kama angegombezwa. "Mimi niko na wajukuu, daktari."

Odoi ndiye aliyesimama, akaisogeza ile ya diski mpaka barabarani.

"Hii kidole kimoja kinatosha," alimwambia. "Lakini usiivamie. Ukiibana ghafla kwenye kokoto, gurudumu la mbele linafunga na wewe unaruka. Ibane kama unavyokamua, anza taratibu kisha kaza."

Owori alichora mstari barabarani kwa kiatu. "Peke yako," akasema.

Mara ya kwanza Amoit aliupita mstari kwa hatua tano. Mara ya pili aliogopa, akabana ghafla, gurudumu likayumba na nusura aanguke. Mara ya tatu, kabla hajaufikia, Owori alivua koti akalitupa mbele yake bila onyo. Kidole kikakaza, kikaongeza, pikipiki ikainama mbele na kutulia. Tairi halikugusa hata mkono wa koti.

Walichukua ya diski, pamoja na chupa ya oili na vibanio vya breki vya akiba. Egesa alimwomba Odoi radhi mbele ya wote na kumrudisha kazini. Owori alikataa kurudi naye. Alipanda gari, na Amoit akaenda peke yake, kupitia Tororo hadi Molo, bila kujua kama ile ilikuwa safari yake ya mwisho kikazi.

Jumapili, baada ya misa, aliwaonyesha wafugaji mkono wake. Walibishana mpaka saa nane. Mwishowe walimbakiza, kwa sharti kwamba Emojong aajiriwe pia na asimamie safari za mbali wakati wa mvua. Mzee Owori aliinua mkono kukubali, lakini nyuma ya Amoit hakupanda tena hadi mwezi wa kumi, ng'ombe wake alipokwama kuzaa na hakukuwa na usafiri mwingine. Njia nzima alishikilia chuma cha nyuma kwa mikono miwili.