Goti Kuingia, Kifundo Kutoka

Mama Goti hakupewa jina hilo kwa maradhi ya mifupa. Lilitokana na sheria yake ya malisho: nyasi zikimfika gotini, ng'ombe waingie; zikishuka hadi kwenye kifundo cha mguu, watoke, hata wakilia kama wafiwa.

"Shemeji, unapima nyasi kama fundi cherehani," mdogo wa marehemu mumewe alizoea kumtania. "Utazishonea suruali?"

Asubuhi hiyo hata shemeji huyo aliweka utani kando. Mkaguzi wa hifadhi, ambaye wote walimwita Bwana Hifadhi, alikuja kuamua kama ng'ombe thelathini wa Mama Goti wabaki bondeni au watolewe moja kwa moja. Kosa lao: walisemekana kukanyaga viota vya ndege wadogo wa kahawia, wale wanaotaga chini. Bila bonde, mama angeuza kundi zima kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi akijua umebanwa, naye hukubana.

Walianza na kipande cha hifadhi, kilichozungushiwa waya miaka mitatu bila kwato kuingia. Nyasi zilifika kifuani, zikalaliana, zikaozea chini. Bwana Hifadhi akatafuta mpaka jasho likamtoka. Kiota? Hata unyoya hakuuona.

"Labda wamehama," akasema.

"Wamehamia kwangu, kwenye nyasi fupi," Mama Goti akajibu. "Twende, ila angalia unapokanyaga, mwanangu. Usije ukawa ng'ombe wa thelathini na moja."

Upande wake, mahali ambapo ng'ombe walitoka wiki tatu nyuma, ndege akaruka miguuni pao. Mayai matatu. Kisha kiota kingine, na kingine. Walipofika cha kumi na tisa, Bwana Hifadhi akaketi chini, mrefu kama mlingoti, akafungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Hiyo sheria yako, mama. Goti la nani, langu au lako?"

"Langu! Tukingoja lako, ng'ombe watakufa njaa wakiangalia juu."

Shemeji akacheka mpaka akashika mti. Bwana Hifadhi akaandika: ng'ombe wabaki. Halafu akautazama waya wake, akajikuna kisogo.

"Mama, na kule kwetu je... wangekula kidogo?"

"Sema vizuri, sijasikia."

"Naomba ng'ombe, mama yangu."

"Hapo sawa!"

Shemeji alishaufungua waya. Ng'ombe wakamiminika mikia juu, na nyuma yao, buti zimejaa samadi, Bwana Hifadhi aliyekuja kuwatoa akawa anawaswaga waingie.