Sigara Iliyokwisha Kuungua Nusu

Mama Vifaa, mtunza vifaa vya filamu, hakutulia tangu asubuhi. Mara anyooshe kalenda ya zamani ukutani, mara afute simu ya kuzungusha namba ambayo keshaifuta. Filamu ilikuwa ya ofisi ya gazeti enzi za zamani, na enzi hizo, jamani, watu walivuta sigara utadhani wanalipwa. Yeye alikuwa ameacha, miezi saba sasa. Bintiye alimwambia kavukavu: "Mama, ukivuta tena, mwanangu hutampakata." Mjukuu alizaliwa juzi, na jioni hii ndiyo alikuwa anakwenda kumshika.

Sasa balaa ni hili: kamera ikianza, mhariri wa gazeti ndani ya filamu ameshika sigara iliyoungua nusu. Kila wakirudia, inatakiwa nyingine, nusu vilevile. Mwigizaji mwenyewe kuvuta hajui, akijaribu anakohoa hadi machozi. Basi Mama Vifaa alitengeneza sigara za majani makavu yasiyo na tumbaku, akaziunguza nusu kwa kuzivuta kwa bomba la sindano. Mambo yakaenda.

Mwongozaji akaja mbio. "Majivu gani haya meupe? Wazee wetu walivuta tumbaku, si nyasi! Leta za kweli."

"Za kweli za nini, baba? Nani atajua?"

"Mimi nitajua!"

Akaleta. Sigara ya tatu tu, bomba likaziba.

"Tayari?" mwongozaji akafoka. "Jua linahama dirishani!"

"Nipe dakika!"

"Sina!"

Mama Vifaa akatazama huku na huku. Kila mtu mikono imejaa. Akaitia sigara mdomoni mwake. Ya kazi tu, alijiambia, na kifua kikaipokea kwa furaha iliyomtia aibu. Iliyofuata hakujiambia kitu. Wakarudia mara tisa. Mwongozaji aliporidhika, watu wanapiga makofi, Mama Vifaa alikuwa nyuma ya kabati la mafaili anawasha nyingine ambayo hakuna aliyemwagiza.

Jioni, kabla ya kwenda kwa bintiye, alioga, akasukutua, akabadili nguo hadi kitambaa cha kichwa. Bintiye alifungua mlango, akamnusa shingoni, akacheka.

"Hongera, mama yangu! Nilikuwa siamini. Haya, kaa nikupe mjukuu wako."

Mtoto alikuwa amelala, mashavu tele. Mikono ya Mama Vifaa ilikwisha kunyooka kumpokea. Akairudisha nyuma, akaifungia mgongoni.

"Usinipe," alisema. "Nimevuta leo. Na ya mwisho sikutumwa na mtu."