Sura ya Msitu

Kila asubuhi darasa la nne lilisoma aya moja, likafunga vitabu, kisha kila mtoto akamgeukia jirani yake na kumweleza alichosoma kwa sentensi moja. Jirani alitakiwa kuuliza swali. Ndivyo Mwalimu Efrazia alivyofundisha katika shule moja ya mlimani chini ya msitu wa Shume, na maneno yaliyozidi sentensi hiyo yalidondoka kutoka kitabuni. Kwa kawaida yalikuwa machache. Aliyafagia, akayatupa nyuma ya choo.

Siku moja walisoma sura nzima, ya msitu. Ilisema, kwa kurasa nne, kwamba Serikali iliikuta milima haina mtu, ikaihifadhi kwa faida ya wenyeji. Babu yake Hadija alizaliwa humo msituni. Mama yake alikamatwa humo juzi, akiokota kuni. Hadija alifunga kitabu, akamwambia jirani yake Mika kwa Kishambaa, lugha iliyokatazwa darasani:

"Tulikuwepo, wakatuondoa."

Kurasa zote nne zilimwagika. Maneno yakawafika magotini. Kitabuni ilibaki sentensi ya Hadija, imepigwa chapa safi.

"Uliza, Mika," alisema Efrazia.

"Tutarudi lini?"

Ijumaa alikuja mkaguzi, Mwingereza wa soksi ndefu. Watoto walisimama. Aliyasukuma maneno kwa kiatu ili apite.

"Mwalimu, watoto wakariri. Majadiliano hayamo kwenye silabasi."

Efrazia alifunga kitabu kilichokuwa mezani. "Bwana Mkaguzi, asiyeweza kueleza alichosoma hajasoma. Hawa wamesoma."

"Nitakuhamishia Mnazi, kule chini."

"Na Mnazi kuna vitabu."

Akahamishwa kweli, akateremka kwenye joto la tambarare na sanduku lake kichwani, bila kuomba radhi.

Vikaja vitabu vipya na mwalimu mpya mwenye fimbo. Watoto walikariri kwa sauti kama walivyoamriwa. Walipomaliza, walifunga vitabu wenyewe, wakageukiana. Fimbo ilifanya kazi yake mpaka ikavunjika, na maneno yakaendelea kumwagika.

Msitu haukufunguliwa. Walinzi waliongezwa, wala hakuna aliyerudishiwa hata ngwe moja ya shamba. Ila kila jioni akina mama walipita shuleni na matenga yao, wakayazoa maneno. Mama yake Hadija aliona kwamba neno "maendeleo" ndilo lililoshika moto upesi kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa kavu kabisa. Alilichochea chini ya chungu, na maharage yakaiva.