Siku Mbili za Lerionka

Enzi za Mdachi, hakuna aliyeendesha gari la maksai kama Lerionka pale Oldonyo Sambu. Kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku thelathini, zilibaki siku mbili tu. Zikiandikwa, yuko huru, na mzungu wa shamba jirani alishamwahidi mshahara mnono.

Sasa sikia hii! Bwana wake akamsimamisha. Chakula anapewa, kazi hapewi. Wiki nzima Lerionka amekaa anatafuna mahindi, haelewi kitu.

"Shikamoo Mzee Feruzi," alimwambia msimamizi. "Kwani nimekosa nini?"

"Marahaba. Hujakosa. Usipofanya kazi, siku haiandikwi. Isipoandikwa, huondoki. Kula mahindi, kijana!"

Lerionka ndio akachanganyikiwa kabisa. Yaani mtu anafungwa kwa kupumzishwa?

Ikanyesha mvua ya kufa mtu. Gari la kahawa likazama kwenye tope, na maksai wakagoma kwa dereva mpya, maana walizoea sauti ya Lerionka tu. Bwana akaja mbio, buti zimejaa matope.

"Lerionka, njoo haraka!"

"Andika siku zangu mbili kwanza, bwana."

Bwana akatukana Kijerumani weee, mwisho akaandika. Lerionka akapiga mluzi, maksai wakavuta, gari hilo likatoka.

"Haya, uko huru," bwana alisema akihema. "Lakini usiende kwa jirani. Unataka nini ubaki?"

Lerionka akamtazama Mzee Feruzi, aliyesimama kando ya gari. Tangu Lerionka azaliwe, hakuna bwana aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Ngoja kwanza," alisema. "Hilo sijawahi kulifikiria."