Mjusi wa Kisiwani na Kofia ya Baba Zuhra

Mume wangu Nurdini hamkosi mjusi. Tangu alipofundishwa madrasa kwamba mjusi kafiri ukimuua kwa pigo moja thawabu zake ni nyingi kuliko ukimuua kwa mawili, pigo la pili hajawahi kulihitaji. Akivua kandambili ya mguu wa kulia, mjusi yuko ukutani; ukipepesa macho, yuko sakafuni. Hata shemeji zangu wa Marambo wakija kututembelea hapa Ruponda humwomba awaonyeshe. Mimi ndiye ninayefagia mizoga, na hizo thawabu sijui kama tunagawana.

Basi Desemba hii binti yetu Zuhra alikuja likizo. Anafundisha shule ya msingi kisiwani, mbali huko baharini, na alituletea mche wa mdalasini kwenye kopo, umefungwa kwa majani ya mgomba usikauke njiani. Jumapili asubuhi niliufungua nikauweka dirishani. Tulipomaliza chai, juu ya fremu ya dirisha alikuwepo mjusi wa kijani kibichi, ana madoa mekundu mgongoni, anaota jua. Sijapata kuona mjusi mzuri vile. Kabla sijasema neno, kandambili ikalia paa!

Akakosa. Miaka yote ya ndoa yetu, hiyo ndiyo mara ya kwanza. Mkia ulianguka sakafuni ukawa unacheza peke yake, mwenyewe akaingia nyuma ya kabati.

Zuhra alipouona ule mkia alilia, mwalimu mzima.

"Baba, huyu amekuja na majani ya mche wangu, hawa hawapo popote duniani ila kisiwani kule! Msitu wao umekatwa, kimebaki kipande tu. Wanafunzi wangu huwahesabu kila muhula na kuandika ubaoni. Muhula huu wamepata kumi na tisa."

"Mjusi ni mjusi," alisema baba yake.

"Jumamosi naondoka, nitarudi naye. Naomba tu usimuue hizi siku."

Nurdini akatazama nyuma ya kabati, na mimi namjua. Akitazama hivyo ameshakata shauri. Nikaichukua kandambili ya kulia nikaizika ndani ya debe la unga. Adhuhuri alikwenda msikitini na gambuti za shamba, jua linawaka, watu wakamuuliza kama mvua inakuja.

Aliporudi alikuwa amevimba. "Mama Zuhra, yaani umenifichia kiatu kwa ajili ya mjusi?"

"Kwa ajili ya mgeni."

"Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe."

Hasira zikanipanda. "Na mimi, Baba Zuhra, nilipewa jembe siku ya ngapi?"

Akainama akavua gambuti. Mimi ni Mmakua wa Msumbiji. Nilivushwa Ruvuma nikiwa na miaka mitano, mgongoni kwa mama, wakati wa vita. Tulipofika hapa wapo waliosema tumeleta njaa. Mama yake Nurdini akavua kanga yake ya juu, akanifunika, akawaambia, "Mwacheni, huyu ni mtoto wa watu." Nikakulia karibu na jiko lake mpaka mwanawe akanioa. Kwetu sikurudi tena, na silalamiki, nimekaa vizuri. Lakini kila nilipomwona yule mjusi akichungulia nyuma ya kabati bila mkia, nilitaka huyu afike kwao. Nilitaka sana.

Siku ya tatu mgeni alijipa jembe mwenyewe. Alikamata inzi dirishani mmoja baada ya mwingine, nikamwonyesha mume wangu, akajifanya anatafuta miwani. Jumatano nilikuta bibo limekatwa vipande viwili na kuwekwa dirishani, bibo jekundu la mkorosho, la mwisho wa msimu. Mimi sikuliweka, Zuhra hakuliweka. Mjusi analamba utamu mpaka anajilamba na macho, na Baba Zuhra yuko uani ananoa panga ambalo lilikuwa kali tangu juzi. Nilicheka peke yangu. Kandambili nikaifukua, nikaikung'uta unga, nikairudisha mlangoni.

Tatizo likabaki kumkamata. Jumamosi basi linaondoka Nachingwea alfajiri, na mjusi huyu jua likishazama humwoni tena, kwa hiyo mwisho wetu ulikuwa Ijumaa mchana. Zuhra alijaribu na bakuli, akajaribu na kipande cha chandarua, mara zote mjusi akarudi kabatini. Saa nane binti yangu aliketi chini akashika kichwa. Mjusi alikuwa amerudi kwenye bibo, mkono mmoja tu kutoka kwake, na hakuna aliyethubutu kusogea.

Nurdini akaingia kutoka msikitini na kofia yake ya Idi, aliyoshonewa na dada yake wa Nanganga kwa miezi minne. Akatazama dirishani.

"Sogeeni."

Akaivua kofia. Mkono ukaenda vilevile kama siku zote, paa! Nikapiga kelele.

"Yumo," alisema, jasho linamtoka. "Mzima. Ananitekenya."

Zuhra alitaka kumhamishia kwenye kopo, baba yake akakataa katakata, atatoroka. Kofia ile ina vitobo vya kushonwa, hewa inapita. Tukaifunga mdomo kwa kitambaa, na Jumamosi kabla ya alfajiri ikaondoka hivyohivyo na Zuhra kwa bodaboda kulifuata basi, mche wa mdalasini ukabaki kwangu.

Jumatatu Zuhra alipiga simu. Amemwachia msituni, na ubao unasomeka ishirini.

"Na mkia?" aliuliza baba yake.

"Utaota, Baba."

Akakohoa, akanirudishia simu, akatoka nje.

Jana asubuhi mjusi kafiri wa hapahapa kwetu alishuka ukutani juu ya mtungi. Nurdini akavua kandambili ya kulia, akainyanyua, nami nikasimama na ufagio nikisubiri. Mkono ukakaa juu. Akamtazama mjusi muda mrefu, kisha akaidondosha kandambili chini na kuivaa.

"Tumwache," alisema. "Mtoto wa watu."