Pedali Yenye Sauti ya Dada

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Fundi alibana mguu wa mwisho wa transista kwa koleo, akaugusisha risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, akaondoa mkono haraka. Transista za zamani hazipendi joto; ukizembea kidogo tu, unabaki na punje ya bati isiyo na kazi. Hii haikuungua. Aliifunga ndani ya kisanduku cha chuma chenye swichi ya kukanyagia, na furaha ikamjaa hata akasahau chai yake. Pedali hiyo, ya mtindo wa zile za enzi za baba yake, ilikuwa na kazi moja tu: kupandisha sauti nyembamba za gitaa la umeme zisimezwe na ngoma wala besi.

Mpiga gitaa aliyeiagiza, ambaye mji mzima ulimwita Solo, alifika mbio mbio. Transista aliileta mwenyewe, ndani ya redio kuukuu aliyoichukua kwa dada yake bila kumwomba. Alichomeka waya, akakanyaga, akapiga ule wimbo uliompa jina. Noti ziliruka mbele, kali na safi, Fundi akajipiga paja. Kwenye noti ya tano ikatoka sauti ya msichana wa miaka kama kumi na minne, akiimba wimbo uleule.

"Hapana, hapo ipande," msichana alijisahihisha, akarudia. Alipomaliza alisema, "Huu nimeutunga mwenyewe, leo, jikoni."

Fundi alidhani ni redio ya jirani inayoingilia, akakagua waya wa ethi unaozuia mwingiliano huo. Ulikuwa sawa.

"Ni dada huyo," Solo alisema. "Redio ilikaa jikoni miaka hiyo."

"Kwa hiyo wimbo ni wake?"

"Wimbo nimeusajili mimi, Fundi. Unaweza kumtoa?"

"Nikimtoa yeye, na zile sauti nyembamba za gitaa zinaondoka."

Solo alikanyaga tena, akasikiliza gitaa linavyong'aa. Akasema basi, abaki.

Jioni ukumbi ulifurika. Dada alikuja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani yake, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwaambia watu, kwa upole, kwamba wimbo ule ni wake, nao wakimjibu, kwa upole vilevile, kwamba ni vizuri kumpenda mdogo wako. Sasa Solo alikanyaga pedali, naye akaisikia sauti yake mwenyewe ikiimba, ile ya miaka kumi na minne. Kwa furaha aliwatazama watu: wote walikuwa wanasikia, hakuna aliyekosa hata neno. "Huu nimeutunga mwenyewe, leo, jikoni." Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na mshereheshaji akauinua juu mkono wa Solo.

"Mdogo wangu," Dada alimwambia nyuma ya jukwaa, "si wamesikia?"

"Wamesikia, dada. Wameipenda mno ile sehemu."

Kweli waliipenda. Kufikia Jumamosi ya tatu walikuwa wameshaikariri. Mikono juu, ukumbi mzima, hadi wanaume wenye ndevu zao, walitangaza kwa pamoja kwamba wimbo wameutunga wenyewe, leo, jikoni, kisha wakaliita jina la Solo mpaka madirisha yakatetemeka. Dada alikuwa amesimama mstari wa tatu, akayasema maneno yale kwa nguvu kuliko wote. Mwanamke aliyekuwa kando yake alimgeukia akicheka, akamsifu kwamba ameyashika vizuri.