Mashine Iliyofunikwa Khanga

Siku mume wangu Majid alipotolewa nyumbani mabegani mwa watu, mashine yake ya kurekodi ilijiwasha saa kumi kamili za alasiri, kama kila siku. Wanaume walikuwa wameshashuka ngazi na jeneza, sauti zao zikipotelea kichochoroni. Sisi wanawake tulibaki juu. Sebule ilikuwa imejaa, huyu analia, huyu anasoma, na mimi katikati yao nikausikia ule mlio mdogo, tik, kisha mvumo wa taratibu. Taa nyekundu ikawaka. Saa kumi na nusu ikazimika yenyewe.

Asubuhi ile aliniambia atarudi kula mchana. Alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Mlandege. Saa nne alianguka akiwa amesimama anazungumza na mteja, na walipomfikisha hospitali hakukuwa na la kufanya. Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 2007.

Mashine aliletewa na binamu yake Hamed kutoka Maskati. Haikutumia kanda, ndani yake mlikuwa na diski, na picha zote zilikaa humo. Majid aliipangia irekodi kipindi cha taarab za zamani kilichokuwa kikitoka kwenye televisheni saa kumi, yeye akiwa dukani. Akirudi baada ya isha anakula huku anatazama. Mimi sikuwa mpenzi wa taarab. Nilikuwa nikikaa pembeni nashona, nikimwambia apunguze sauti.

Nyumba yenye msiba kwetu haifunguliwi televisheni. Siku ileile wifi yangu, Bi Shariffa, dada mkubwa wa Majid, alitwaa khanga zangu mbili akaifunika televisheni yote, kuanzia juu mpaka chini ya meza. Mashine ilikuwa chini ya televisheni, nayo ikafunikwa. Hakuna aliyeifikiria. Mimi nilijua ipo, na nilijua inafanya kazi. Siku ya tatu tunasoma hitma, saa kumi niliiona taa nyekundu inapenya kwenye khanga. Sikusema kitu. Majid alikuwa ameshazikwa, lakini kuna jambo aliloliagiza nyumbani mwake lilikuwa bado linafanyika kwa wakati. Sikutaka mtu alizime.

Basi nikawa nakaa eda na kila siku naisubiri saa kumi. Mwenye kukaa eda hatoki, miezi minne na siku kumi. Nilifagia, nilipika, nilisoma, nililala sana na nikaamka nimechoka vilevile. Saa kumi nilikuwa nakaa kwenye mkeka karibu na meza. Tik. Nusu saa. Kisha nainuka kwenda kupika.

Baada ya hitma ya arubaini, saa kumi na nusu imepita kidogo tu, Bi Shariffa alikuja kuzitoa khanga azifue. Aliposhika mashine akaurudisha mkono.

"Salhiya! Mbona hiki kitu cha moto hivi?"

Niliigusa. Ilikuwa moto kama pasi iliyozimwa sasa hivi. Matundu ya pembeni yalikuwa yamejaa vumbi na nyuzi za khanga.

"Ilikuwa inafanya kazi," nikasema.

"Inafanya kazi ya nani? Televisheni si imezimwa?"

"Hii inawaka peke yake, Bi Shariffa. Majid aliipangia."

Alinitazama, akaitazama khanga mkononi mwake.

Tukaiwasha televisheni. Mimi nilichokitaka kilikuwa kimoja tu. Sikukuu ya Mfunguo Tatu iliyopita Hamed alikuja na kamera, Majid akaichukua akatupiga picha za video hapa hapa nyumbani, kisha akazihamishia kwenye mashine. Kanda yenyewe Hamed aliondoka nayo, na baadaye akatuambia ameshairekodia harusi ya watu. Kwa hiyo Majid anayetembea na kusema alikuwamo kwenye ile diski tu. Picha za karatasi ninazo nne, na zote amenuna.

Nilibonyeza rimoti. Orodha ilichelewa kufunguka. Nikaichagua ile ya sikukuu. Ikaonekana sebule yetu, ukasikika mwanzo wa sauti yake, "Haya, nani hajava...", na picha ikaganda. Ndani ya mashine pakaanza kugonga, ko, ko, ko, kama ukucha juu ya bati.

"Zima," alisema Bi Shariffa. "Zima, mwanangu, usiiue."

Kesho yake asubuhi alikuja na fundi, Samir, mtu wa makamo mwenye kibanda cha redio na kompyuta karibu na Darajani. Mimi niliingia chumbani, kwani mwenye eda haonekani na wanaume wa nje, pazia likateremshwa, Bi Shariffa akakaa kwenye kiti baina ya pazia na fundi. Nilisikia bisibisi, na mfuniko ukiwekwa sakafuni.

"Diski hii imepikwa," alisema Samir. "Mliiweka wapi, jikoni?"

"Fanya kazi yako," alisema Bi Shariffa.

"Nnaifanya. Lakini nnakwambieni, hii haifiki Ramadhani. Kila ikizunguka inajimaliza."

Nikauliza nyuma ya pazia kama vilivyomo vinaweza kuokolewa.

"Anauliza kama vilivyomo vitapona," alisema Bi Shariffa.

"Nimemsikia, Bi Shariffa."

"Umemsikia, lakini mimi sijakwambia."

Samir alicheka kidogo, akajizuia. Akaeleza polepole. Diski mpya haitiwi hivi hivi, kwa sababu mashine ikiiona tupu inaifuta upya na kuanza moja. Inabidi azifunge zote mbili kwenye kompyuta, ainakili ya zamani yote kwenye mpya, kisha ndiyo airudishe mashineni. Ndogo kama hii hazipatikani tena. Angeagiza kubwa, mara tatu yake, ije na boti kutoka Dar. Siku kumi, pengine zaidi.

"Na hizo siku kumi isiwashwe kabisa," akasema. "Mashine nzima naondoka nayo. Ila kuna jambo moja. Kuna kipindi kimepangwa hapa, saa kumi kila siku?"

Bi Shariffa akageukia pazia. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Kipo," nikasema.

"Basi huo mpango haukai kwenye diski. Unakaa kwenye mashine yenyewe, unashikwa na kibetri kidogo. Umeme ukikatika siku moja, mbili, kinauhimili. Siku kumi hakiwezi. Utapotea."

"Na ikibaki kwenye umeme?"

"Ikibaki kwenye umeme, saa kumi itawaka, itaigonga diski. Leo, kesho, kesho kutwa. Mpaka siku nikija na diski mpya hamna cha kunakili."

Kupitia upenyo wa pazia niliuona mgongo wa Bi Shariffa. Alikuwa ameinama.

"Mimi ndiye niliyeifunika," alisema, na hakuwa akimwambia Samir. "Kwa mkono wangu. Nilidhani naweka heshima."

"Hujafanya kosa, Bi Shariffa," nikasema. "Mimi nilikuwa najua inawaka, nikanyamaza."

Nje mtu alikuwa anauza mboga, anazitaja moja moja. Ilikuwa bado saa tano ya asubuhi. Niliwaza kumwambia Samir aje baada ya alasiri, niisikie mara moja tena. Mara moja tu. Kisha nikakumbuka kule kugonga, ko, ko, ko.

"Chukua," nikasema.

Bi Shariffa hakulirudia neno lile. Samir akachomoa plagi.

Haikuwa siku kumi. Ilikuwa siku kumi na tisa. Saa kumi nilikaa kwenye mkeka kwa mazoea, halafu siku ya tano au ya sita nikaacha. Nilikuwa nalala wakati ule, naamka magharibi kichwa kizito.

Samir alirudi Jumamosi asubuhi. Mimi chumbani, pazia, Bi Shariffa kwenye kiti chake. Safari hii Bi Shariffa alikuja na bintiye Nada, kwa sababu Nada naye alikuwamo kwenye ile video.

"Nimeokoa nilichoweza," alisema Samir. "Nyimbo nyingi hazikusomeka. Hii ya sikukuu imesomeka, isipokuwa mwanzo mwanzo inarukaruka."

Akaondoka kwenye televisheni, akaenda kusimama ukumbini ili nitoke kutazama. Nilikaa chini baina ya Bi Shariffa na Nada.

Ni dakika ishirini na mbili. Karibu zote Majid haonekani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kamera. Anasikika anapumua, anamwambia mama mmoja asogee, anasifu kanzu za watoto. Mwishoni Nada anamnyang'anya kamera. Hapo anaonekana, amekaa na sahani ya pilau, shavu limejaa, mkono umeinuliwa kuziba uso.

"Zima, Nada. Mtu hapigwi picha anakula."

"Tabasamu, mjomba."

"Nitabasamu na mdomo umejaa? We Salhiya, mwambie huyu."

Na sauti yangu inajibu kutoka jikoni, "Muache akuone ulivyo mlafi." Majid anacheka, mchele unamtoka. Picha inakwisha.

Bi Shariffa alikuwa analia, ncha ya mtandio ipo mdomoni. Nada akaanza kuirudisha nyuma, nikamshika mkono. Nilirudi chumbani, Samir akaitwa aje kumalizia.

"Sasa ina nafasi kubwa," alisema. "Saa mia mbili na zaidi. Nikupangieni tena kile kipindi? Saa kumi, kila siku, kama mwanzo?"

Kwa mara nyingine Bi Shariffa alinisubiri. Angeipanga Samir, kwa idhini yangu. Ingewaka kwa wakati uleule, na ingekuwa kazi ya mtu mwengine, si agizo la Majid tena.

"Hapana," nikasema.

"Anasema hapana," alisema Bi Shariffa.

"Haya," alisema Samir, akakusanya bisibisi zake.

Eda yangu ilikwisha ndani ya Ramadhani. Baada ya sikukuu nikaanza kushona nguo kwa Bi Mwatum, Mkunazini, tangu saa nane mpaka magharibi, kwa hiyo saa kumi siwi nyumbani. Televisheni haina khanga. Mashine ipo chini yake, imesogezwa mbele ipate hewa, na haijarekodi kitu tangu iliporudi.